Robo Maili ya Kuazima

Kwa miaka 43 hakuna aliyempiku Malcolm Campbell kwa mwendo wa gari ndani ya ardhi ya Uingereza. Mwaka 1927, kwenye mchanga wa ufukwe wa Pendine, gari lake lenye injini ya ndege aina ya Napier lilipita kwa maili 174.88 kwa saa, na miaka iliyofuata wasaka rekodi wakubwa wakahamia Marekani kutafuta fukwe na majangwa marefu zaidi. Rekodi ya nyumbani ikabaki ilipo hadi mwaka 1970, ilipovunjwa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za kivita cha Elvington, karibu na mji wa York. Aliyeivunja hakutoka kwenye timu ya Formula 1. Aliitwa Tony Densham, gari lake likiitwa Commuter, na lilikwenda kwa wastani wa maili 207.6 kwa saa, yaani kilometa 334 hivi. Commuter lilikuwa dragsta: gari refu, jembamba, lililoundwa kwa kazi moja tu ya kuanza likiwa limesimama na kumaliza robo maili iliyonyooka. Mchezo huo, yaani mbio za dragi, wapenzi wengi wa mbio za magari nchini humo waliutazama kwa jicho la pembeni, na shutuma iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa kwamba wanaoushiriki ni Waingereza wanaoigiza Wamarekani. Waliiga, hilo halina ubishi. Ninachokataa ni kwamba kuiga huko kuliwapunguzia hadhi. Naona kinyume chake: kitu walichokiazima kwa ukamilifu zaidi, yaani kipimo, ndicho kilichowafanya mafundi hodari, na udhaifu wao ulianza pale walipoacha kuiga wakaanza kununua.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Magari mawili husimama sambamba, taa hushuka moja baada ya nyingine hadi ya kijani, na mshindi ni anayefika wa kwanza mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Saa za umeme hupima muda tangu tairi ziache mstari, na vifaa vingine hupima kasi karibu na mwisho. Wamarekani waliuwekea kanuni kupitia chama cha NHRA, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Wally Parks, kwa nia mojawapo ya kuwatoa vijana kwenye mashindano ya barabarani. Uingereza ulifika kwa njia ya mtu mmoja mwenye ukaidi, Sydney Allard, muunda magari wa London aliyewahi kushinda Monte Carlo Rally mwaka 1952 akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe. Mwaka 1961 Allard alimaliza kuunda dragsta lenye injini ya Chrysler na supachaja, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, la kwanza la aina yake nchini humo. Mwaka 1964 alikuwa mstari wa mbele kuwaalika Wamarekani, Don Garlits na Tommy Ivo wakiwemo, wakazunguka viwanja kadhaa vya ndege wakionyesha kazi yao. Miaka miwili baadaye, Pasaka ya 1966, ukafunguliwa Santa Pod, uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu Ulaya, juu ya njia ya kurukia ndege ya Podington, Bedfordshire, ambako kikosi cha Wamarekani kilikuwa kikirusha ndege za B-17 wakati wa Vita vya Pili. Allard alifariki Aprili ya mwaka huo huo. Hakuuona muongo wa sabini, ambao ndio uliovuna alichopanda.

Sasa tuangalie hicho kipimo. Katika mbio za mzunguko, muda wa Silverstone haukuambii lolote kuhusu muda wa Monza, kwa sababu kona si zile zile wala urefu si ule ule. Katika rali ndiyo kabisa, maana mvua moja hubadilisha njia nzima. Lakini robo maili ya Bedfordshire ni ile ile robo maili ya California. Joto, unyevu na mwinuko wa mahali hupunguza au huongeza sehemu ya sekunde, lakini hazifichi ukweli mkubwa. Fundi wa Santa Pod alipopewa karatasi ya muda wake jioni, aliweza kuiweka kando ya jarida la Marekani na kujua pengo lilivyo hadi sehemu ya mia ya sekunde. Hakuwa na kona ya kulaumu. Novemba 1972, huko Ontario, California, Mike Snively alikuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 6, akimaliza kwa 5.97. Waingereza wenye kasi zaidi wakati huo, Dennis Priddle wa Yeovil na Clive Skilton, walikuwa wanahangaika kwenye eneo la sekunde 7 na 6 na ushei. Anayeona hiyo ni tofauti ndogo afanye hesabu: gari linalokwenda maili 220 kwa saa hula karibu mita 100 kwa sekunde moja. Kwa hiyo Mwingereza alijua kwamba Mmarekani angekuwa ameshafungua parachuti wakati yeye bado anautafuta mstari. Nchi iliyokuwa inatamba kwenye Formula 1 haikuwa imezoea kupimwa hivyo, na nashuku kwamba sehemu ya dharau ilitokana na hapo.

Inachekesha kidogo kwamba haya yalitokea wakati Uingereza yenyewe ilikuwa inaacha vipimo vyake vya kale. Februari 1971 shilingi 20 za pauni zilifutwa na pauni ikagawanywa kwa peni 100, shule zikawa zinafundisha mita na kilo, huku watu wa dragi wakiing'ang'ania robo maili, kipimo cha Kiingereza kilichowarudia kutoka ng'ambo kikiwa na sheria za Kimarekani.

Kipimo kilikuwa cha kuazima, lakini chuma kilichopimwa kilikuwa cha kwao. Chukua Ford Popular, gari lililotoka kiwandani kati ya 1953 na 1959 na lililouzwa kama gari la bei ya chini kuliko yote nchini. Lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,172, nguvu za farasi 30 hivi, gia tatu, breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya mafuta, na waipa moja mbele ya dereva. Kufikia 1970 mengi yalikuwa yamelala nyuma ya gereji yakisubiri kwenda kwenye chuma chakavu. Vijana waliyanunua kwa bei ya kutupa kwa sababu mbili za kifundi: yalikuwa mepesi, na shasi yake ilikuwa imejitenga na bodi, kiasi kwamba mtu mwenye mashine ya kuchomelea aliweza kuikata na kuiunga atakavyo. Injini ya zamani ilitolewa, ikaingizwa ya Jaguar, au V8 iliyonyofolewa kwenye gari la Kimarekani lililopata ajali. Pua ikainuliwa ili uzito urudi nyuma gari linapoondoka, ekseli ya nyuma ikabadilishwa kwa nzito zaidi, na nyuma zikafungwa tairi pana zisizo na mistari. Na hapa hoja ya kuiga inageuka yenyewe, kwa sababu Wamarekani walikuwa wamekwisha kuvigundua vigari hivi vya Kiingereza, Anglia na ndugu zake, wakaviingiza kwao katika miaka ya sitini kwa sababu hiyo hiyo ya wepesi. Nani alimwiga nani hapo?

Injini nayo ina kisa chake. Katikati ya miaka ya sitini kampuni ya Rover ilinunua haki za V8 ndogo ya alumini ambayo General Motors, kupitia Buick, iliiunda, ikaichoka na kuiacha. Rover wakaiweka kwenye gari lao la kifahari mwaka 1967, kisha kwenye Range Rover mwaka 1970, na ikaendelea kunguruma hata kwenye barabara za vumbi za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Haikupita muda mafundi wa dragi wakaikamata, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na spea zake zilipatikana mtaani. Hakuna aliyesema Rover wanaiga. Kampuni ikichukua kazi ya Mmarekani na kuiboresha, tunaita biashara. Kijana wa Bedfordshire akifanya lile lile kwenye kibanda cha nyuma, tunamwita mwigaji. Wengine hawakutaka hata asili ya Marekani. Russ Carpenter alichagua V8 ya Daimler ya lita 2.5, injini iliyosanifiwa na Edward Turner, mtu aliyejipatia jina kwenye pikipiki za Triumph, na akalijenga juu yake dragsta lililoitwa Glacier Grenade. Injini hiyo ilijulikana zaidi kwa kuwabeba mabwana wenye kofia kwa utulivu. Kuilazimisha ivumilie supachaja na mafuta makali ilikuwa kazi ambayo hapakuwa na jarida la Marekani la kuifundisha. Fundi alilazimika kuvunja, kupima, kuchonga, kufunga na kuvunja tena.

Jambo lingine ambalo wakosoaji hulisahau ni jinsi mbio zilivyopangwa. Magari yaligawanywa kwa madaraja kufuatana na uzito, ukubwa wa injini na aina ya mafuta, na katika raundi zilizochanganya madaraja gari la daraja dogo liliachiwa muda wa kutangulia. Taa ya kijani ya kigari chenye injini ya Ford ya lita moja na nusu iliwaka kwanza. Upande wa pili jitu la Chrysler likabaki linatetemeka kwenye mstari, dereva amekanyaga klachi, akihesabu mwanya aliopewa mwenzake unavyoisha. Kisha likaachiwa. Mara nyingi wawili hao walikaribiana kabisa kwenye mstari wa mwisho. Utaratibu huo nao ulitoka Marekani, na mwenye mshahara wa kiwandani aliweza kumtoa mwenye pesa. Linganisha na upande mwingine wa mchezo wa magari wa wakati ule. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda East African Safari Rally kwa Ford Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuushinda mtihani ule, na wengi huku Afrika Mashariki bado wanaikumbuka Escort hiyo. Ilikuwa imetayarishwa Boreham, Essex, kwenye idara ya mashindano ya Ford, ambayo nayo ilikaa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za vita. Viwanja vya aina moja, enzi moja, na hata kampuni moja kwa asili ya vyuma. Lakini nyuma ya Mikkola palikuwa na bajeti ya kampuni kubwa, na nyuma ya Popular ya Santa Pod palikuwa na mshahara wa Ijumaa. Simpunguzii Mikkola kitu. Nasema tu kwamba shindano lililompa mtu wa mshahara wa Ijumaa saa ya kupimia sawasawa na ya bingwa wa dunia lilistahili heshima kuliko lililopata.

Wapo wanaosema kwenda moja kwa moja si uendeshaji. Hoja hii hupendwa na watu wa kona, na inasikika vizuri hadi uangalie kilichomo ndani ya zile sekunde. Kwa kuwa saa ya kila gari huanza gari linapoondoka na si taa inapowaka, dereva anaweza kupata muda mbaya kuliko mwenzake na bado akashinda, kwa sababu alisoma taa mapema. Akiwahi kupita kiasi, taa nyekundu inamtoa papo hapo. Kabla ya hapo ameshachoma tairi ili zipate joto na kushika lami, kwa kiasi tu, maana joto likizidi zinateleza. Mafuta nayo ni somo. Nitromethani hubeba oksijeni ndani yake, hivyo hewa inayotosha kuchoma kilo moja ya petroli hutosha kuchoma zaidi ya kilo nane za kemikali hiyo. Injini inayoinywa kwa kipimo kidogo mno huyeyusha pistoni; inayozidishiwa hujaa mafuta yasiyoungua na kupasuka. Supachaja iliyosukuma hewa ndani ilitokana na vipuliza hewa vya injini za dizeli za General Motors, zilizofungwa kwenye malori na mabasi, na ilibidi uwiano wa mikanda yake ubadilishwe hewa ya mchana ikiwa nzito au nyepesi. Wingu likisogea, hesabu zinabadilika. Mvua ikinyesha, hakuna mbio kabisa, na katika nchi kama Uingereza hilo lilimaanisha sikukuu nzima ya Pasaka au ya Agosti kukaa chini ya turubai.

Hoja ya hatari ni nzito zaidi, na sitaipembua kwa maneno matamu. Dragsta za wakati huo ziliitwa manati kwa sababu dereva aliketi nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, miguu imepanda juu ya difu, klachi kati ya magoti na injini nzima mbele ya uso. Kitu kikipasuka, kinapasukia kwake. Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, giaboksi la Don Garlits lililipuka likakata gari vipande viwili na kuondoa sehemu ya mguu wake wa kulia. Alipokuwa hospitalini akawaza gari lenye injini nyuma ya dereva, na mwaka 1971 akalileta uwanjani, likashinda. Wengi walikuwa wamejaribu wazo hilo na kulitelekeza kwa sababu magari yaliyumba. Garlits na wenzake walilidhibiti kwa kupunguza wepesi wa usukani. Sasa mtu anayedharau kuiga ajibu: Waingereza walipoona hayo, ilikuwa busara wabaki na manati kwa ajili ya heshima ya kuwa wa kwao? Walihamia muundo mpya ndani ya miaka michache, na madereva waliobaki na miguu yote miwili kutokana na uamuzi huo hawakuhitaji kuuombea radhi.

Kisha kuna suala la mafuta, ambalo lilikuja kwa kishindo mwishoni mwa 1973. Nchi za Kiarabu zilipunguza uzalishaji na bei ikapaa. Serikali ya London ikaweka kikomo cha maili 50 kwa saa barabarani, na kuanzia Januari 1974 viwanda vikafanya kazi siku tatu kwa wiki. Monte Carlo Rally ya mwaka huo ilifutwa. Kipindi hicho, gari linalotoa moto kwenye ekzosi kwa ajili ya burudani lilionekana kama tusi. Naelewa hasira hiyo, lakini hesabu haiiungi mkono. Dragsta hula mafuta kwa fujo, ila kwa sekunde chache tu, na yale makubwa hayakunywa petroli kabisa. Maelfu ya watazamaji waliotoka London kwenda Bedfordshire na kurudi walichoma petroli isiyolinganishwa na iliyochomwa uwanjani, na hilo ni kweli kwa mechi yoyote ya mpira. Anayetaka kufuta dragi kwa hoja ya mafuta aanze na ligi ya soka, na hapo sidhani kama atapata wa kumfuata.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mwisho. Linasema: hizo Popular na Daimler ni hadithi nzuri, lakini waliokaa juu kabisa ya orodha walitumia injini za Chrysler Hemi, tairi za M&H na Goodyear na spea zilizosafirishwa kutoka Marekani, kwa hiyo ufundi unaousifu ulikuwa wa kukodi. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Mwaka 1973 Don Schumacher alikuja Santa Pod na Stardust, gari lenye bodi nyepesi ya fiberglasi inayofunuliwa kwa juu, na baada ya ziara za aina hiyo watu wenye uwezo walianza kuona kwamba ni haraka zaidi kununua gari zima kutoka ng'ambo, rangi yake ikiwa bado mpya, kuliko kukaa miaka mitatu ukiunda lako. Hapo ndipo nami ninapokubaliana na wakosoaji, ingawa si kwa sababu yao. Gari lililonunuliwa zima linakupa muda mzuri bila kukupa ujuzi wa jinsi muda huo ulivyopatikana. Injini ikifa, unaandika barua California. Lakini tusiwachanganye wote kwenye kapu moja. Priddle alinunua vyuma vya Kimarekani, na bado shasi alizikata na kuzichomelea mwenyewe kule Somerset, na wengine wakaenda kwake kuundiwa zao. Katikati ya muongo alivalisha mitambo hiyo bodi ya Hillman Avenger, gari la kawaida la familia la Kiingereza, kwa msaada wa tawi la Chrysler nchini humo. Skilton alichukua njia nyingine. Oktoba 1975 Garlits alishusha rekodi hadi sekunde 5.63 huko Ontario, na kufikia wakati huo Skilton alikuwa amekwisha kuona kwamba pengo analolisoma kwenye karatasi halitazibwa kwa kukimbia dhidi ya watu wale wale kila sikukuu. Akafunga mizigo, akaenda kushindana Marekani, dhidi ya waliokuwa na robo maili sawa na yake.